Bingwa Aliyeogopa Mvua

Watu wa Chala wanamjua Otilia kama mama wa mashine. Kila asubuhi hufungua kibanda chake kando ya barabara, huwasha injini, na jua linapoinama unga umeshamkaa kwenye kope na nywele, amekuwa mweupe kama aliyefufuka. Gunia la mahindi hulinyanyua peke yake, hulitupa begani na kulimimina kwenye mdomo wa mashine bila kuguna. Vijana wa bodaboda hutania kwamba mama huyu akikuzaba kibao utaamkia ng'ambo ya mpaka wa Kasesya, bila pasi.

Wachache wanajua mkono ule ulitoka wapi.

Ulitoka kwenye shamba la ulezi la baba yake. Msimu wa ndege alikaa juu ya kichuguu tangu umande, akirusha mawe na vijiti mpaka bega likawaka moto, na jioni alikimbia kilomita za kwenda kisimani kwa sababu giza la uwanda lilimwogopesha. Alipofika sekondari, ile iliyo nje kidogo ya Sumbawanga upande wa barabara ya Matai, mwalimu wa michezo alimpa mkuki na kumwambia arushe. Akauliza, "Kwa ndege yupi?" Darasa zima likacheka. Mkuki ulipotua hawakucheka tena.

Mwaka wake wa mwisho shuleni aliuvaa mkoa mzima mgongoni. Mpira wa pete, mpira wa mikono, mbio za mita mia nane, mkuki: michezo yote minne alikwenda nayo kwenye mashindano ya kanda na yote akashinda. Mbio alikimbia pekupeku, kwenye ubaridi, na wenzake wenye viatu walifika mwisho wakati yeye ameshajifunika kanga. Gazeti moja lilimwandika kwa jina la Radi wa Rukwa. Huko ugenini walimwimbia kwa jina hilo.

Nyumbani hawakumwimbia. Aliporudi, lori la shule lilimshusha sokoni na watu wakaendelea kupima maharage.

Maana ushindi ule haukuwa umeandaliwa kwa ajili yake. Kapteni wa shule alikuwa Herieth, binti wa Mama Debora, msichana mrefu mwenye kicheko kilichosikika kutoka bweni hadi jikoni. Kila alichoshika Otilia, Herieth alikishika kwanza na kwa ustadi zaidi. Otilia alikuwa wa pili, na hakuwa na kinyongo. Kuwa wa pili nyuma ya Herieth kulikuwa kama kutembea nyuma ya mtu mwenye taa. Kisha alasiri moja ya mwezi wa pili, wakiwa mazoezini, Herieth amesimama chini ya nguzo ya goli na Otilia yuko nje ya mstari kwenye benchi la akiba, radi ilishuka mara moja tu. Majuma machache baadaye Otilia alivaa jezi ya marehemu, akasimama kwenye nafasi ya marehemu, akakimbia kwenye mstari wa marehemu. Akashinda.

Ufipa ni uwanda mtupu. Hakuna msitu wa kujificha, na radi inapotafuta kilichosimama mara nyingi humkuta mtu. Lakini kule hawaulizi imepiga wapi. Wanauliza imetoka kwa nani.

Hakuna aliyemwambia usoni. Jambo la namna hiyo husemwa kwa jinsi watu wanavyonyamaza ukiingia dukani, kwa mama anayemwita mtoto wake kutoka mapajani mwako ilhali hakuna anachomtuma. Otilia alimaliza shule, akaolewa mbali kidogo, Chala, na mtu mpole aitwaye Zenon, akaizamisha sauti yake ndani ya mngurumo wa mashine. Umri wa miaka arobaini ulimpita akiwa kimya. Lakini alisikia. Katika kijiji cha jirani, mama mmoja alichomewa nyumba kwa neno dogo kuliko lile linalomfuata yeye. Alitoka na kanga moja na hajulikani alikokwenda. Neno halizeeki. Hukaa tu kama moto wa pumba, juu majivu, chini kaa.

Basi simu ilipoita, mwezi wa kumi na moja ukiwa unaelekea ukingoni, na sauti ikasema ni Felisian, mkuu wa shule yao ya zamani, moyo wake ulishtuka kabla hajasikia habari yenyewe.

"Shikamoo bingwa," alisema Felisian.

"Felisian, mimi na wewe tulikaa dawati moja."

"Bingwa hana umri. Sikiliza. Tunafunga mwaka kwa siku ya michezo, na safari hii tunakuheshimu wewe. Vitoto hivi vinashinda kwenye simu vikitazama mabingwa wa Ulaya, havijui kwamba bingwa anasaga unga Chala."

"Tafuta mwingine."

"Hakuna mwingine. Tena nimemwomba Mama Debora akukabidhi kombe kwa mkono wake. Amekubali."

Otilia aliketi juu ya gunia. Injini iliendelea kunguruma, lakini yeye hakuisikia. Mama wa Herieth, mbele ya wazazi wote, kwa mkono wake. Hakuna mganga wala padri ambaye angeweza kufanya zaidi. Mkono ule ukimpa kombe, basi neno limekufa. Nani atasema tena, wakati mwenye msiba amesema?

Zenon hakupenda. "Kusifiwa hadharani ni kuamsha waliolala," alisema jioni ile, akimenya viazi.

"Nisipokwenda nitakuwa nimejibu."

"Umejibu nini?"

"Wanachouliza."

Zenon alichukua kiazi kingine, akasema, "Vaa sweta, basi. Kule juu kuna upepo."

Siku ile hakukuwa na upepo. Hilo ndilo jambo la kwanza Otilia aliloliona aliposhuka kwenye gari na kuanza kupanda njia ya shule. Uwanda ule hauishi upepo, unaokuvuta nguo tangu utotoni mpaka unapozikwa. Sasa mikaratusi ya mpakani mwa shule ilisimama kama imechorwa, na moshi wa jikoni, ambako walikuwa wanapika pilau ya wageni, ulipanda wima.

Jambo la pili lilikuwa kitambaa. Kilifungwa juu ya geti, cheupe, chenye herufi nyekundu kubwa: KARIBU NYUMBANI RADI WA RUKWA.

Wanawake wawili waliokuwa wamemtangulia walisimama wakakisoma kwa midomo, taratibu. Mmoja alimshika mwanawe mkono, na badala ya kupita chini ya geti wakapita pembeni, kwenye pengo la uzio.

Kijana mwenye filimbi shingoni alikuja mbio, uso mzima meno. "Shikamoo mama! Mimi ni Mwalimu Ndalahwa, wa michezo. Umekiona? Nililitafuta lile gazeti la zamani mpaka nikalipata. Jina kali sana lile, mama. Kwetu bondeni mtu akipewa jina kama hilo, ng'ombe anachinjwa."

"Marahaba, mwanangu," alisema Otilia. "Kwenu bondeni mnaishi vizuri."

Felisian alimvuta pembeni. Alikuwa amevaa suti ambayo ni wazi ilishonwa kabla ya kitambi. "Nilikwenda mjini kumpokea mgeni rasmi, nimerudi nimekuta kimeshafungwa. Kijana hana kosa. Ni mtu wa kuja, wazazi wake wanachunga huko chini, hajui habari zetu."

"Kishushe."

"Nikikishusha sasa ndipo watakisoma hata wasiojua kusoma. Otilia, saa mbili tatu tu. Mama akishakupa kombe, hata kingeandikwa nini, kimekwisha."

Mama Debora alikaa meza kuu chini ya turubai, mdogo, mkavu, kitenge cha Utume wa Akina Mama wa kanisani kimempita mara mbili. Nyuma ya kiti chake alisimama mwanawe Kasmir. Yeye alikuwa darasa la pili dada yake alipofariki. Leo ni baba wa watoto, mwenye mabega ya mtu anayelima kwa jembe la ng'ombe, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuitikia salamu ya Otilia. Otilia alipiga magoti mbele ya mama, akagonganisha viganja polepole, kama alivyofundishwa na bibi yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umenenepa."

"Ni unga, mama. Ninaushiba kwa pua."

Kitu kama tabasamu kilipita usoni mwa mama yule kikaondoka. Otilia aliinua macho. "Kasmir, hujambo?"

Kasmir alitazama milima ya Mbizi. Kule wingu lilikuwa limejilaza juu ya mgongo wa mlima, jeusi chini, jeupe juu, halisogei.

Sherehe ilianza. Watoto walikimbia, walivuta kamba, walianguka ndani ya magunia. Mgeni rasmi alikunywa soda na kupiga makofi palipostahili. Kisha Mwalimu Ndalahwa, kwa kipaza sauti, alimwomba bingwa aoneshe kidogo. Otilia alivua viatu, akafunga kanga vizuri juu ya sketi, akapokea mkuki. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyoukumbuka. Alikimbia hatua chache, na mwili ambao miaka yote ulinyanyua tu magunia ukakumbuka ghafla kwamba ulikuwa na kazi nyingine. Mkuki ulikwenda. Ulikwenda juu ya mstari wa chokaa, juu ya vibendera vya wasichana wa leo, ukashuka na kusimama ardhini ukitetemeka.

Watoto walilipuka kwa vifijo. Mzee mmoja, aliyesahau nafsi yake, akapiga kigelegele kama mwanamke, na watu wakamcheka, na katika kicheko kile Otilia akahisi kitu kikilegea uwanjani. Kwa mara ya kwanza tangu usichana wake, watu wa kwao walimtazama kama wanavyomtazama mtu.

"Shule nzima, katikati ya uwanja," Ndalahwa aliita. "Pangeni mistari. Tunakabidhi kombe."

Walijipanga kati ya magoli mawili ya chuma, mamia ya vichwa vilivyonyolewa. Mama Debora aliinuka, akakataa mkono wa mwanawe, akatembea na kombe mwenyewe. Otilia alisimama kumngoja. Wingu lilikuwa limeteremka mlimani bila mtu kuliona likitembea, lakini juu ya vichwa vyao bado kulikuwa na jua, jua la rangi ya shaba, na hakuna hata tone.

Hapo ngozi ya mikono yake ikawasha.

Alitazama chini. Vinyweleo vyote vya mkono vilikuwa vimesimama. Akamtazama msichana wa mstari wa mbele; kishungi cha nywele kilichoachwa juu ya kipaji kilikuwa kimenyanyuka chenyewe, na msichana alikuwa anakigusa huku akicheka na mwenzake. Na kutoka kwenye goli la karibu ulitoka mlio mwembamba, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa.

Mlio ule aliujua. Aliusikia mara moja tu maishani.

Mama Debora alikuwa amebakiza hatua mbili. Mikono yake ilikuwa imeshanyooka. Otilia aliona mishipa yake, na pete iliyolegea kidoleni, na kombe la bati la rangi ya dhahabu. Hatua mbili na neno limekufa. Akipiga kelele sasa na radi isije, watasema amekimbia mkono wa mama, na kwa nini mtu akimbie mkono wa mama? Akipiga kelele na radi ikaja, hiyo mbaya zaidi. Kule kwao hakuna ajuaye radi kabla haijashuka, isipokuwa aliyeituma.

Msichana wa mstari wa mbele alicheka tena, mkono kichwani.

"Kimbieni!" Otilia alipiga kelele, kwa sauti iliyozoea kushindana na injini. "Madarasani! Acheni goli! Kimbieni!"

Hakuna aliyesogea. Walimtazama tu. Basi akafanya analolifanya kila siku: aliinama, akampitishia Mama Debora bega tumboni, akamnyanyua kama gunia la mahindi, akakimbia. Kombe lilianguka. Watu wazima walipiga mayowe, Kasmir akaruka meza, na watoto, ambao hawakuelewa neno lakini walielewa bingwa anayekimbia, wakamfuata wote kwa kelele, wakidhani ni mchezo.

Wa mwisho walikuwa kwenye baraza la darasa ulimwengu ulipogeuka mweupe.

Sauti ilikuja pamoja na mwanga. Baadhi ya watoto waliangushwa chini, wakainuka wakilia, wakijishika masikio. Uwanjani goli la karibu lilikuwa limepinda mguu mmoja, linafuka moshi, na nyasi palipokuwa mstari wa mbele zilikuwa nyeusi. Ndipo mvua iliposhuka.

Walibanana darasani. Wazazi waliwahesabu watoto wao kwa kuwagusa vichwa. Kisha, mmoja mmoja, macho yalihama kutoka kwa watoto yakamwendea Otilia, na ingawa chumba kilijaa mpaka madirishani, sakafu iliyomzunguka ilibaki tupu. Mzee aliyepiga kigelegele alikuwa amegeukia ukuta. Kasmir alisimama mlangoni, analowa, hamtazami mama yake.

Mama Debora, aliyeketishwa juu ya dawati, alimwita kwa kidole. Mvua ilipiga bati kwa kishindo. Mtu aliyesimama hatua moja kutoka pale asingesikia neno.

"Ulijuaje?"

Otilia alichuchumaa. Alikuwa amelibeba jibu hilo maisha yake yote ya utu uzima bila kumpa mtu, maana kulisema kulikuwa ni kukiri kwamba anajua. "Vinyweleo, mama. Vilisimama. Na chuma kililia. Siku ile ya Herieth pia. Aliniita kutoka golini, akasema, Otilia, tazama nywele zangu zinasimama kama nimemwona mchumba. Akacheka. Mimi nikacheka naye. Hatukujua ni dalili ya nini."

Midomo ya Mama Debora ilisogea kidogo bila sauti, kama mtu anayeonja.

"Alicheka," alisema.

"Alicheka, mama."

"Niliambiwa alipiga kelele."

"Hapana. Hakuwahi."

Mama yule alifumba macho. Alipoyafumbua hayakuwa na machozi. Yalikuwa yanapima chumba kile, mwanawe mlangoni, sakafu tupu. Akainama mpaka kilemba chake kikamgusa Otilia shavuni.

"Hilo ulilonipa ni langu. Usimpe mwingine. Hawa wakisikia unajua dalili, hawatauliza ulijifunza wapi. Umenisikia? Wewe hukujua kitu. Uliogopa mvua."

"Mama, watoto wale wanapaswa kujua hizo dalili."

"Wafundishe ukiwa hai."

Mvua ilipungua kidogo. Felisian alipenya katikati ya watu, suti imemganda mwilini. Alisimama pale sakafu tupu ilipoanzia. "Otilia, umewaokoa watoto wangu. Lakini kulikuwa na jua. Wote tuliliona jua. Ulijuaje?"

Aliuliza kwa shukrani. Chumba kizima kiliuliza naye, na hakikuwa na shukrani.

Otilia alisimama. Aliufikiria mkuki ulivyokwenda, na vifijo, na namna watu walivyomtazama kwa muda ule mfupi. Akaviacha.

"Sikujua kitu, Mwalimu," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Ninaogopa mvua. Niliona wingu, nikapagawa."



"Anaogopa mvua huyu!" Mama Debora alidakia kutoka kwenye dawati, kwa kicheko kikavu. "Tangu msichana. Kukinguruma Kasanga kule ziwani, yeye yuko chini ya kitanda hapa. Leo kanibeba na mimi, mbavu hizi atazilipia."

Mtu mmoja alicheka pembeni. Kisha mwingine. "Bingwa wa nini, bingwa wa kukimbia manyunyu," alisema mama mmoja, na kicheko kikapita chumbani kama upepo uliokuwa umekosekana mchana kutwa. Watoto walicheka kwa sababu wakubwa wanacheka. Mwalimu Ndalahwa alicheka mpaka akaketi. Watu walisogea, sakafu ikajaa, mtu akamsukuma Otilia kwa kiwiko bila kujali. Hakuna aliyekumbuka kombe. Kesho wangesimulia sokoni, Chala ingesikia, na vijana wa bodaboda wangempigia honi kila mawingu yakikusanyika. Otilia alicheka nao.

Kasmir peke yake hakucheka. Alitoka mlangoni, akaja taratibu, watu wakimpisha, akasimama mbele yake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimsemesha.

"Unarudi Chala leo," aliuliza, "au unalala huku?"

Aliuliza kwa upole. Otilia alitazama mikono ya Kasmir, mikono ya kilimo, iliyotulia. Barabara ya Chala ni ndefu, haina shahidi, na giza la mvua lilikuwa linaingia.

Mama Debora alishuka kutoka kwenye dawati. Alimshika Otilia juu ya kiwiko, kwa nguvu isiyotegemewa katika vidole vile, akamtazama mwanawe usoni.

"Analala kwangu," alisema. "Kitanda cha dada yako."

Kasmir alichukua mwavuli ulioegemezwa ukutani, akaufungua, akaushika juu ya mama yake, na Otilia akatembea kando yao, upande wa mvua.